Wanaopimwa Ili Wasafiri Ng'ambo Waelezwe kwa Lugha Wanayoielewa

Katika mila zetu, mtu akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo" hata kama yumo kitandani amezidiwa. Jibu hilo si uongo. Ni adabu, na ukweli wa maradhi hufuata baadaye, pole pole, mgeni akishakaribishwa kiti. Lakini upo mlango mmoja ambao "sijambo" haiwezi kuufungua, nao ni mlango wa ubalozi. Anayetaka kuhamia ng'ambo kwa ajili ya kazi, masomo au kuishi na jamaa zake huambiwa alete ushahidi wa hiyo sijambo yake: picha ya kifua, damu, mkojo, pengine makohozi, orodha ya chanjo, na juu ya yote hayo cheti chenye sahihi ya daktari aliyeidhinishwa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba jambo hili ni la madaktari na mabalozi, wala halinihusu mimi ambaye kazi yangu ni kufundisha isimu. Nilibadili mawazo siku dada yangu aliponipigia simu usiku kuhusu binti yake.

Mpwa wangu huyo alikuwa na umri wa miaka 26, naye alikuwa ameahidiwa kazi ya nyumbani katika mojawapo ya nchi za Ghuba. Wakala alikuwa amekwisha kuichukua pasipoti yake, na mama yake alikuwa amekwisha kupiga hesabu za karo ya wadogo zake. Lililobaki lilikuwa kupimwa tu. Alikwenda katika kituo alichoelekezwa, akatoa damu na mkojo, akapigwa picha ya kifua, akaambiwa arudi baada ya siku mbili. Aliporudi, karani aliyekuwa dirishani alimpa karatasi iliyogongwa muhuri wa neno moja la Kiingereza lenye maana ya "hafai". Alipouliza sababu, alijibiwa kwa neno jingine la Kiingereza, lile ambalo sisi walimu wa Kiswahili hulifasiri kuwa "chanya". Damu yake, aliambiwa, ilikuwa "chanya". Kisha akaitwa mtu wa pili kwenye foleni.

Msomaji anajua jinsi neno hilo la Kiingereza lilivyotumika nchini mwetu tangu miaka ya 1980. Mtu akisema kwamba fulani ni "chanya", hakuna anayeuliza ni chanya wa nini. Maana yake imekwisha kufungwa katika maradhi ya Ukimwi. Basi mpwa wangu alirudi nyumbani akiwa amejihukumu mwenyewe. Kwa muda wa majuma mawili hakumwambia mtu. Alitenga kikombe na sahani yake, akaacha kumbeba mtoto wa kaka yake, usingizi ukampotea. Dada yangu alidhani kwamba hiyo ni huzuni ya kukosa safari. Usiku huo aliponipigia simu alisema, "Kaka, mtoto ananifia mikononi na sijui anaumwa nini."

Nilikwenda nikamchukua, tukafuatana hadi hospitali ya umma. Daktari aliyemhudumia alimpima upya. Virusi vya Ukimwi hakuwa navyo. Alikuwa na virusi vya homa ya ini ya aina ya B. Daktari alimweleza kwamba virusi hivyo vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili yoyote. Kwamba huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, wala si kwa kikombe, sahani au kumpakata mtoto. Kwamba ini lake litachunguzwa mara kwa mara, na dawa za kuvizuia virusi hivyo zipo pindi zitakapohitajika. Na kwamba watu wa nyumbani kwao wapimwe, na wasiokuwa na virusi wachanjwe. Alimweleza pia kuwa Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo hiyo mapema miaka ya 2000, na ndiyo sababu waliozaliwa kabla ya hapo, kama yeye, hawakuipata utotoni. Maelezo yote hayo hayakuzidi nusu saa, nayo yalitolewa kwa Kiswahili chepesi. Binti alilia, kisha akacheka, kisha akaomba chai.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja. Hiyo nusu saa ilikosekanaje pale alipopimwa mara ya kwanza?

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba watu wasipimwe. Maradhi hayaombi viza, na kila nchi ina wajibu wa kuwakinga wakazi wake. Mwaka 1987 homa ya uti wa mgongo ilizuka miongoni mwa mahujaji waliokuwa Makka, na wengine wakarudi nayo makwao. Tangu wakati huo Saudia imekuwa ikidai cheti cha chanjo ya homa hiyo kwa wanaokwenda Hija, na Waislamu wetu wa pwani na bara wanajua kwamba sharti hilo limeokoa maisha. Kadhalika kifua kikuu husambaa kwa hewa, na mgonjwa mmoja asiyetibiwa anaweza kuwaambukiza wengi anaoishi nao. Ndiyo maana Uingereza humtaka Mkenya anayekwenda kukaa huko kwa zaidi ya miezi 6 apimwe kifua kikuu katika kituo ilichokiidhinisha kabla ya kuomba viza. Wanaohamia Marekani kwa makazi ya kudumu, wakiwemo wenye bahati ya kushinda ile bahati nasibu ya viza, hupimwa na madaktari walioteuliwa na ubalozi, na tangu sheria ya mwaka 1996 hudaiwa pia uthibitisho wa chanjo kadhaa. Nchi za Ghuba nazo humpima mfanyakazi virusi vya Ukimwi, homa ya ini ya aina ya B na C, kaswende na kifua kikuu, na mwanamke hupimwa pia ujauzito. Akifika huko hupimwa tena kabla ya kupewa kibali cha kuishi.

Basi hoja yangu haihusu sindano wala eksirei. Inahusu lugha. Katika safari nzima ya cheti hiki, daktari humwandikia afisa wa viza, afisa humwandikia wizara yake, wakala humpigia simu mwajiri. Anayesemwa katika maneno yote hayo ndiye peke yake asiyesemeshwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sidhani walifikiria kwamba ingefika siku ambapo mwenye maradhi ndiye angefichwa maradhi yake mwenyewe.

Jambo hili lina historia ndefu. Neno "karantini", ambalo Kiswahili kimelipokea kupitia lugha za Ulaya, asili yake ni neno la Kiitaliano lenye maana ya arubaini. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, uliamuru kwamba watu waliotoka mahali palipokuwa na tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye miji mingine ikaongeza siku hizo zikawa 40, na hesabu hiyo ndiyo iliyozaa neno. Msafiri wa siku hizo hakusomewa chochote. Alihesabiwa siku tu.

Mwaka 1892 Marekani ilifungua kituo cha kuwapokea wahamiaji katika kisiwa cha Ellis, karibu na New York. Madaktari walisimama wakiwatazama watu wakipanda ngazi na kupita mmoja mmoja, na kwa kila aliyetiliwa shaka waliandika herufi ya chaki juu ya nguo yake: E kwa ugonjwa wa macho, H kwa moyo, L kwa anayechechemea, X kwa aliyedhaniwa kuwa na kasoro ya akili. Herufi hizo zilitokana na maneno ya Kiingereza, ilhali wengi wa waliokuwa wakiandikwa walitoka Italia, Urusi na kwingineko ambako Kiingereza hakikujulikana. Hebu mwazie mama aliyebeba mtoto, anatembea na herufi mgongoni mwake, kila mwenye mamlaka anaisoma isipokuwa yeye.

Wala tusiende mbali hivyo. Hapa kwetu, mapema miaka ya 1920, wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande katika kikasha cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole vyao na maelezo ya kazi walizofanya na mishahara waliyolipwa. Wengi hawakuweza kuyasoma yaliyoandikwa humo, na huku yakiamua kama wangepata kazi nyingine au la. Naam, mtu alibeba hukumu yake shingoni asiijue. Hata katika miaka ya karibuni, waliopimwa kwa ajili ya kuhamia Marekani aghalabu walikabidhiwa bahasha iliyofungwa, wakaonywa wasiifungue hadi siku ya mahojiano.

Kutokana na kazi yangu, ningependa kuyatazama kwa karibu yale maneno mawili aliyopewa mpwa wangu.

La kwanza ni "hafai". Kitenzi "faa" katika lugha yetu hakikamiliki peke yake. Hudai kuelezwa kitu kinafaa kwa jambo gani. Maji ya bahari hayafai kunywa, lakini yanafaa kwa kuvulia na kwa kuogelea, na chumvi yake inafaa jikoni. Tukisema "maji haya hayafai" tukanyamaza, tumeyasingizia. Ndivyo ilivyo kwa binadamu. Mtu akiambiwa kwamba kwa masharti ya nchi fulani hafai kupewa kibali cha kazi mwaka huu, ameambiwa habari. Akiambiwa "hufai" tu, ametukanwa. Ule muhuri uliogongwa juu ya karatasi ya mpwa wangu ulikuwa na kitenzi bila ukamilisho, naye aliukamilisha mwenyewe: hafai kuolewa, hafai kula na wenzake, hafai kuishi.

La pili ni hilo la "chanya". Katika maabara neno hili halina sifa wala lawama. Maana yake ni kwamba kilichotafutwa kimepatikana. Lakini darasani tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba mtazamo chanya ni mtazamo mwema na mtazamo hasi ni mbaya, kisha tunashangaa mgonjwa anapofurahia jambo asilopaswa kulifurahia, au anapolia kwa jambo ambalo hajapata. Dawa yake si kutunga istilahi nyingine. Ni kusema kwa sentensi kamili: "Tulitafuta virusi vya homa ya ini katika damu yako, na tumevipata. Tulitafuta virusi vya Ukimwi, na hatukuvipata." Sentensi mbili tu hizo zingemwondolea binti yule majuma mawili ya mateso.

Huenda msomaji akadai kwamba shida hii ni ya wale ambao hawakusoma sana. La hasha. Nina mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni mwalimu wa shule ya upili, ambaye Kiingereza chake hakina dosari. Alipata ufadhili wa kwenda kusoma shahada ya pili Uingereza. Picha ya kifua chake ilionyesha kivuli, akatakiwa kutoa makohozi. Hakuelezwa kwamba makohozi huoteshwa katika maabara, na kwamba majibu yanaweza kuchukua hadi majuma 8. Yeye alidhani ni suala la siku chache, akakaa akisubiri. Majibu yalipotoka, kifua kikuu hakikuwepo. Kile kivuli kilikuwa kovu la ugonjwa wa zamani. Lakini muhula ulikuwa umeanza, na muda wa kuomba nafasi yake iahirishwe ulikuwa umepita. Kiingereza cha fasihi alikuwa nacho. Alichokikosa ni mtu wa kumweleza.

Wapo pia wanaosema kwamba nchi za kigeni zina masharti yao na sisi hatuna la kufanya. Hilo ni kweli nusu. Ni kweli kwamba sheria zetu haziwezi kuiamuru serikali ya nchi nyingine itoe viza. Lakini kituo kilichopo Nairobi au Mombasa kimo katika ardhi ya Kenya, na wanaofanya kazi humo wanafungwa na sheria za Kenya. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya amweleze mtu hali ya afya yake, na inapowezekana amweleze kwa lugha anayoielewa, kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Sheria ya kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa virusi vya Ukimwi ili apate kazi, ndoa, nafasi ya masomo, au ili aingie nchini au atoke. Inataka pia ushauri utolewe kabla ya kupimwa na baada ya kupimwa. Fauka ya hayo, Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria tunazo. Kinachokosekana ni mtu wa kuzidai pale dirishani.

Hata masharti ya wageni wenyewe hubadilika. Tangu mwaka 1987 Marekani iliwazuia watu wenye virusi vya Ukimwi kuingia nchini humo. Wataalamu walieleza kwa miaka mingi kwamba virusi hivyo haviambukizwi kwa kukaa pamoja wala kwa kusafiri katika ndege moja. Mwanzoni mwa mwaka 2010 zuio hilo liliondolewa. Basi yanayoandikwa na wanadamu yanaweza kufutwa na wanadamu, mradi wapatikane wa kusema.

Nina mambo matatu ninayoyaomba. La kwanza, vituo vyote vinavyowapima wasafiri viwe na fomu ya Kiswahili inayoeleza ni nini kinachopimwa, na kila asiyepata cheti akutane na muuguzi au daktari, si karani, apewe majibu yake kwa maandishi na aelekezwe hospitali ya kwenda. La pili, wizara zinazohusika na afya na kazi zilifanye hilo kuwa sharti la leseni za vituo na za mawakala. La tatu linatuhusu sisi walimu. Tunafundisha ufahamu kwa vifungu vya simba na sungura. Kwa nini tusiwape wanafunzi wa shule za upili fomu ya hospitali waisome, waifasiri, waulize maswali? Wengi wao watakutana na fomu ya namna hiyo kabla ya kukutana na simba.

Kwa wanafunzi wanaojiandaa kusafiri, nawausia haya. Kitabu cha kliniki ulichochanjiwa utotoni kitafute leo, ukihifadhi pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Uliza mapema vipimo vinavyotakiwa na nchi unayoiendea, kwa kuwa hazifanani. Angalia tarehe: cheti cha kifua kikuu cha Uingereza hudumu miezi 6 tu, kwa hiyo ukipimwa mapema mno kitakufia mkononi, na ukichelewa utakosa muda wa kusubiri makohozi. Kile cha chanjo ya homa ya manjano huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 hutambuliwa kwa maisha yako yote. Ukiambiwa una kifua kikuu, usikate tamaa. Matibabu yake ya kawaida ni ya miezi 6, katika hospitali za umma dawa hutolewa bila malipo, na aliyepona anaweza kuomba tena.

Aidha, usikubali kununua cheti vichochoroni. Najua wapo wanaouza kadi ya chanjo bila sindano na picha ya kifua cha mtu mwingine. Anayenunua picha ya kifua cha mwenzake anaweza kuukwepa ubalozi, lakini kifua chake anakwenda nacho. Ugonjwa uliofichwa humfuata mtu hadi katika chumba cha bweni anacholala na wenzake, au katika nyumba ya mwajiri ambako hana ndugu wa kumpeleka hospitali.

Mpwa wangu hakwenda Ghuba. Anauza nguo sokoni, hupimwa ini kila anapoitwa na daktari wake, na mtoto wa kaka yake amerudi mapajani pake. Nilipomwomba ruhusa ya kusimulia habari yake bila kumtaja jina, alikubali kwa sharti moja. "Mjomba," alisema, "waandikie kwamba mimi sikukasirika kwa kunyimwa safari. Nilikasirika kwa sababu waliijua damu yangu kabla yangu, wakakataa kuniambia."

Nimeandika kama alivyoniagiza.